Mwanamisi Apanda Ngalawa Pangani

Mwanamisi Shemboza wa Magamba alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwili wa kutosha, na bahari aliijua kwa kuisikia tu. Alikuwa mkulima wa mapeasi, matunda ya kule kwao milimani kwenye baridi. Zamani kuyapeleka mbali kulitaka kibali na maneno mengi ofisini, lakini sasa biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye tenga alikuwa njiani. Hivyo, siku mbili kabla ya Idd el Fitr ya mwaka 1994, yeye na shemeji yake Faraji, mdogo wa marehemu mumewe, walipakia matenga sita kwenye lori wakateremka hadi Pangani.

Mapeasi yaliisha asubuhi moja. Watu waliyanusa kwanza, wakauliza yanapikwa na nini.

"Hayapikwi," Mwanamisi aliwaambia, akampa moja mtoto asiyefunga, naye akaling'ata mbele yao. Baada ya hapo hakupata hata nafasi ya kukaa.

Faraji alitaka warudi siku hiyohiyo. Mwanamisi akakataa. Sokoni alikuwa amesikia habari za mashindano ya ngalawa, naye hakuwa tayari kusimuliwa na wengine. Siku ya Idd, baada ya swala, alisimama ufukweni viatu mkononi, akicheka kila maji yalipomfikia vifundoni.

Nahodha mmoja, Hassani, alikuwa akihangaika huku na huku. Mtu wake wa tano alikuwa amelala akiumwa tumbo kwa kuzidisha pilau, na ngalawa yake ilihitaji mtu wa kukaa upande wa upepo ili isipinduke. Alimtazama Mwanamisi kwa muda, kisha akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Usinielewe vibaya. Natafuta mtu mzito."

"Umempata," alisema Mwanamisi, akaanza kujifunga kanga ya pili kiunoni.

Faraji akamdaka mkono. "Shemeji, unajua kuogelea?"

"Sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi tusishauriane."

Tanga lilipojaa upepo, ngalawa iliruka kama imechomwa mwiba. Hassani akipaza sauti, "Mama, nje!" naye Mwanamisi anajisogeza juu ya mti uliochomoza pembeni mwa ngalawa, mgongo ukining'inia juu ya maji. "Mama, ndani!" anarudi. Chumvi ilimjaa mdomoni. Alitapika mara moja, akaomba radhi, akaendelea kucheka. Walipoipita ngalawa ya tatu aliwarushia wale mabaharia maneno ya Kishambaa ambayo hakuna aliyeyaelewa, na wote wakamjibu kwa vifijo.

Wakashika nafasi ya pili kati ya ngalawa kumi na moja. Mwanamisi alishuka, akampa Faraji kanga aikamue, akauliza kama kuna mbio nyingine mchana.

Hazikuwepo. Hassani alimpa nguru mkavu mrefu kama mkono, na kesho yake wakapanda lori kurudi. Kila liliposimama alisimulia. Pale Mombo walikuwa bado wa pili. Walipofika Soni, mbele ya wauza kabichi, tayari walikuwa wa kwanza, na mawimbi yamefika urefu wa nyumba. Faraji akamwinua yule nguru wamwone.

Mwaka uliofuata matenga yalikuwa kumi, na Faraji ndiye aliyewahi alfajiri kugonga mlango wa shemeji yake kumwamsha.