Mashavu ya Baba Yako

Ipo siku moja huwa naikumbuka, mwanangu, kila unaponionyesha hizo katuni zako za Kijapani, hizo mnazoziita anime. Jana umenijia hapa Makambako umenuna, eti penseli za rangi ni mbovu, nyuso unazochora hazina uhai, bora uache. Mimi shangazi yako nilikuacha ulale kwanza. Leo nasema.

Nilikuwa darasa la sita, kwetu Matembwe. Mama, yaani bibi yako ambaye hukumwona, alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, kule Makete. Baba yako Ayubu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na watoto hawakuruhusiwa wodini. Kila salamu ya mama ilikuja na swali hilohilo, Ayubu yukoje. Simu za kupiga picha zilikuwa bado, na mpiga picha alikuwa Njombe mjini. Basi babu yako alipopata nafasi kwenye lori la mbao aende kumwona, nikasema nitamchora Ayubu, mama amwone.

Nilikuwa na penseli za rangi nilizopewa zawadi ya Krismasi shule ya Jumapili. Nikakaa jikoni karibu na moto, nikachora mtoto mzuri, acha tu. Macho makubwa kama ya hizo katuni zenu, mashavu laini, kahawia moja kuanzia paji la uso hadi kidevu, nimeikandamiza mpaka karatasi inang'aa. Nikampelekea mama mzaa baba, nikingoja kusifiwa.

Bibi yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Akaitazama picha, akamtazama Ayubu aliyekuwa akichezea majivu, kisha akanirudishia.

"Huyu mtoto wa nani? Mama yake atamtafuta humu asimwone."

Nililia, sikufichi. Lakini nilipomaliza kulia nikamgeukia Ayubu, nikamwangalia kweli, nadhani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi yetu unaijua. Mashavu yake yalikuwa mekundu, yamebabuka na kukauka, na mama ndiye aliyezoea kuyapaka mafuta kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimeyaficha, nikidhani yatamharibia uzuri.

Nikachukua karatasi nyingine. Safari hii nilianza na njano, mkono mwepesi, kisha nyekundu mashavuni, ndipo kahawia juu yake, tena na tena, ile nyekundu ikichungulia kwa chini. Rangi ilikuwa ngumu kwa baridi, ikawa kila mara naisogeza penseli karibu na moto ilainike. Kwenye jicho nikaacha kitone cheupe. Bibi alipoiona aliikunja ndani ya gazeti na kumpa baba.

Mama hakurudi tena nyumbani, mwanangu. Kilichorudi ni nguo zake, na katikati ya khanga ile picha. Ilikuwa na madoa ya mafuta, doa moja kila shavu. Alikuwa akimpaka.

Kwa hiyo penseli usizitupe. Usiikandamize rangi tangu mwanzo, maana karatasi ikishashiba haipokei nyingine. Anza na rangi nyepesi, upandishe polepole. Nywele nyeusi zianzie kwenye bluu au zambarau, nyeusi ije mwisho. Mwanga wa jicho uache ukiwa karatasi tupu, usingoje kuurudisha kwa ufutio. Hayo ni ya mkono, utayazoea, wala usinune.

Lakini kabla hujagusa rangi, tafuta mtu wako unayempenda, umwangalie mpaka uone baridi imempiga wapi. Huyo shujaa wako wa Kijapani naye mpe alama hiyo. Ukimsafisha kila kitu, atabaki mtoto wa mtu mwingine.

Mungu akulainishie mkono, mwanangu, akupe macho yasiyopita juujuu. Na kila utakayemchora, mama yake akimtafuta humo, amwone.