Kaa Hai wa Bango la Shangazi

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Shangazi Mwanahawa anauza kaa hapa Kibiti, na watu walishaanza kumsema kwamba kaa wake wamekufa zamani. Akaniomba picha ya kaa hai ya kuweka kwenye bango. Simu ingetosha, ila si kwa bingwa kama mimi. Nikaazima kamera, nikachagua lenzi ya vitu vidogo, nikaenda Salale kwenye mikoko.

Kaa wa kwanza kanikimbia, wa pili vilevile. Wa tatu, mashallah, katulia kama bwana harusi! Sasa lenzi ile ukilenga gando, mgongo unafifia. Basi nikapiga picha nyingi, kila moja nasogeza shabaha nyuma kidogo, ili nikiziunganisha kaa mzima ang'ae. Mbu wakanila, maji yakajaa. Nikasema sibanduki mpaka nimalize kisogo chake.

Bango likatundikwa: KAA HAI, WANONO. Nikasimama pembeni, kifua mbele. Dada mmoja wa Mbuchi akalitazama, akaangua kicheko.

"Bi Mwanahawa, kaa hai yuko wapi?"

"Si huyo, mwanangu!"

"Hilo ganda tu! Mwenyewe kajivua, kahama. Ona mpasuko wa nyuma alikotokea."

Genge zima likacheka. Shangazi akanigeukia.

"Na wewe ulikaa naye muda wote ule?"

Nilikaa naye, shangazi, mpaka maji yakanifika kiunoni, ili mpasuko ule usije ukafifia.