Ndaya na moto wa kambi ya mulimani

Mumenichosha. Tangu Pasaka munakuja kwenye baraza yangu: "Mama, andika habari ya Ndaya na ule moto." Ninyi vijana wenye diploma, kalamu zenu zimekufa? Mimi nilisoma miaka mitatu tu, na mukono unauma. Lakini mukiandika ninyi mutaiharibu. Basi nyamazeni.

Ndaya ni jirani yangu hapa Kindu, mutoto wa watu wa Kasai walioletwa na kazi ya reli. Bwana yake, Henri, aliendesha treni. Mwaka wa 1990 Henri alipata konje, likizo yake ya kazi, akatangaza kwamba atampeleka bibi yake kulala katika hema, ndani ya parki, hifadhi ya wanyama ya milimani kule mashariki, kwenye kambi inayopendwa na watu wa Bukavu. Avenyu nzima, jirani kwa jirani, ikacheka.

"Henri, nyumba yako imekukosea nini?"

"Haina kosa. Nataka Ndaya aone mahali mutu anapumua na pumzi yake inaonekana."

Wakapanda treni, wakavuka ziwa kwa mashua, wakamaliza kwa kamio, lori la mizigo. Watu wa Kindu wanajua joto tu, kwa hiyo walibeba chandarua, kofia ya jua na pepeo. Sweta hawakubeba hata moja! Kule mulimani mbu hakuna, na jua ni la kuomba. Ndaya akavaa vitenge vyake vitatu kwa pamoja, akatembea kama furushi lenye miguu.

Kambi ilijaa: masista, wanafunzi, familia na redio zao, kila hema na moto wake. Moto wa Henri tu ndio ulikataa.

"Baba," Ndaya akamuchokoza, "unavuta mabehewa ishirini, na vijiti vitatu vinakushinda?"

"Mashine iko na breki. Hivi vijiti viko na kichwa kama cha bibi yangu."

Ndaya akapiga magoti, akabandua maganda yenye maji, akachonga moyo mukavu wa kuni, akapuliza. Ukawaka. Siku nne walikaa pale bega kwa bega, wakinywa chai na kucheka bure. Mpaka leo ukimutajia Ndaya siku zile nne, uso wake unarudi wa musichana. Henri aliapa kwamba watarudi kila konje.

Hawakurudi. Falone akazaliwa, mishahara ikakauka, kisha vita ikafika. Mwaka wa 1998 watu walivuka mto wakaingia porini, nao watatu wakaingia. Sheria ya pori ilikuwa moja: hakuna moto. Moshi unapanda juu ya miti, na wenye bunduki wanaufuata. Mihogo waliiloweka wakaila hivyo hivyo. Masika ya pili Henri akashikwa na homa, anatetemeka.

"Mama Falone, nipashie maji. Kikombe kimoja tu."

Kiberiti kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kitenge cha Ndaya. Ndaya akatazama watoto waliolala chini ya miti ile, kumi na moja pamoja na wake.

"Kesho," akasema.

Henri hakuiona hiyo kesho. Na kwa miaka mingi Ndaya hakumwambia mutu neno lile, hata padri.

Mwaka wa 2022 Falone, sasa muuguzi kule Bukavu, akatuma tiketi ya ndege. "Mama, tutalala kwenye kambi yenu ya zamani."

"Nimelala nje miaka ya kutosha. Mi siko nyani."

"Baba alisema mutarudi."

Ndaya akanuna siku mbili, kisha akafunga mizigo.

Kambi ilikuwa bado na watu tele, sasa vijana wenye gitaa. Jua halijazama wakawasha moto wa wote, katikati. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukapanda mweupe, munene, ukapita vichwa vya miti. Ndaya akauona. Akanyakua ndoo ya maji ya vyombo, akaimwaga yote juu ya moto. Fyaa!

"We muzee! Uko na wazimu?"

"Nyamazeni! Laleni chini! Falone, njoo hapa!" Akamvuta yule mwanamuke mukubwa kwa mukono kama mutoto wa miaka saba.

Vijana wakacheka. Soudi, mulinzi muzee wa kambi, alipomsikia anavyosema, akasogea.

"Mama, unatoka Maniema?"

"Kindu."

"Mi wa Kibombo, Maniema kule kule. Mulilala porini?"

"Tulilala."

"Sisi pia." Akawageukia vijana. "Mutu asicheke." Akaweka kiberiti karibu na Ndaya, akaenda kutafuta kuni kavu.

Ndaya alikitazama muda mrefu.

"Acha, Mama," Falone akasema. "Tutakula baridi."

"Nani alikuambia mi nakula baridi?"

Akapiga magoti. Njiti tatu zikazimika mukononi, ya inne ikashika. Moshi ukapanda, naye akaufuata kwa macho mpaka akaamini hakuna anayekuja. Ndipo akasema, bila kumutazama mutoto wake:

"Baba yako aliniomba maji ya moto. Nikamukatalia."

"Najua. Nilikuwa macho."

"Ukanyamaza miaka yote hii?"

"Weye ulinyamaza. Huo ukaidi nilinyonya kwa nani?"

Ndaya akacheka, akalia, akacheka tena, na moto wake haukuzimwa na mutu.

Nimemaliza. Sasa weye uliyesoma mpaka hapa, nenda kwa mama yako, umuulize alilala wapi miaka ile, na nani hakurudi naye. Andika kwa herufi kubwa, macho yangu ni ya zamani, ulete kabla mvua haijaanza. Ukija mikono mitupu, mulango sifungui.