Walimbeba mke wangu kwa kitanda juu ya lami mpya ya Lwakhakha

Wakuu, sasa. Nikitia chumvi kwa hii stori, admin anipige ban.

Mimi ni muuza viazi hapa Kitale. Mke wangu, Nekesa, ni wa upande wa Bungoma, kwao ni karibu na Lwakhakha. Mwaka jana, akiwa na mimba kubwa, tulienda kumsalimia mamake.

Mchana mvua ikashika. Nekesa akaanza kuvuja damu.

Nikapiga simu hospitali ya pale, ile serikali ilipanua juzi. Wakasema ambulensi inakuja.

Kumbe majirani hawangoji. Wanaume wanne wakatokea na kitanda cha mbao kilichofungwa miti miwili pembeni. Huko wagonjwa walitolewa hivyo miaka yote, kwa mabega, kwenye tope. Nafula, dadake Nekesa, alifia kwenye kitanda hicho hicho akienda kujifungua.

Mama mkwe alipokiona alikaa chini tu.

Lakini mazoea bana! Wakamweka juu, wakamfunika na turubai, haooo mbio. Na lami iko pale mlangoni, haina hata shimo. Watu wazima wanakimbia na kitanda juu ya lami, wakikwepa madimbwi ambayo hayako tena.

Ambulensi ikawapata njiani, ikapiga honi. Wakapisha! Ati wanaipa njia ipite.

"Si ni huyu tunatafuta!" nesi akapiga kelele kutoka dirishani.

Hospitali ilikuwa na stima, daktari na damu ya kuongezwa. Msichana wetu alilia kabla mvua haijakatika. Mimi pia nililia, sitaficha.

Tunalalamika kuhusu kodi kila siku, na tuko na haki, maana nyingine huliwa. Lakini hii niliiona kwa macho yangu ikinirudishia mke. Kwa hili serikali naivulia kofia.

Na lami haikuleta ambulensi pekee. Wanunuzi wa Bungoma na wa ng'ambo ya mpaka sasa wanasimama pale pale kununua ndizi na avokado. Mama mkwe amefungua biashara.

Juzi nimeenda, nikakuta meza yake ni kile kitanda, miti imekatwa.

"Hii imebeba kilio ya kutosha," akasema bila kunitazama, ndiyo heshima ya mkwe kwao. "Wacha sasa ibebe chakula."

Nilichojifunza ni kwamba pesa ya umma ikifika chini, mtu huiona hadi kwa meza ya ndizi.

Kwenu je, wakuu? Lami imefika, ama bado mnabebana?