Safari ya Mzee Saidi Kwenda Pangani

Iko siku moja ya ukungu ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nitakusimulia ingawa haina utamu wowote.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mimi nilikuwa kijana wa banda la farasi katika shamba la mzungu mmoja karibu na Igowole, huku Mufindi. Mkubwa wangu pale bandani alikuwa Mzee Saidi, mtu wa Pangani. Huku bara alipanda akiwa hajaota ndevu, amekaa juu ya nyumbu wa mizigo wa Wajerumani, kazi yake kuwatunza wanyama wao. Vita vikaja, Wajerumani wakashindwa, nyumbu wakafa, yeye akabaki. Akaoa Mhehe, na mkewe akafariki bila kumwachia mtoto. Kwao hakurudi tena. Huko alibakiwa na dada mmoja tu, Bi Mwanaidi, na salamu zao zilipita mdomoni mwa mfanyabiashara mmoja wa Kihesa, pale Iringa, aliyekuwa akishuka pwani kununua papa mkavu.

Asubuhi hiyo ya ukungu Bwana alikuja bandani akiwa na furaha zake. Alisema, "Saidi, mvua takwisha, sisi nakwenda Pangani. Piga hema, panda farasi kwa mchanga. Wewe tangulia na farasi, mimi tafuata na gari. Panga yote."

Mzee Saidi aliitikia, "Ndiyo, Bwana," kisha akaendelea kumpiga brashi farasi mweupe. Nilimtazama. Alikuwa anapiga mahali pale pale, na machozi yanamtoka.

Basi tukaanza kupanga. Masika yote ile tulipanga. Mzee alisafisha sehemu ya sakafu akapanga juu yake punje za mahindi, kila punje ni kituo cha kulala: hii Iringa, hii chini ya mteremko wa Kitonga, hii Mikumi, hii Morogoro, mpaka ile ya mwisho aliyoiweka karibu na mlango, Pangani. Kuku wakiingia wakazila, anapanga upya bila kukasirika. Alinifundisha mambo ambayo sisi watu wa milimani hatukuyajua. Kwenye mchanga, alisema, kigingi hakishiki, farasi atakiondoa kwa shingo tu. Unajaza gunia mchanga, unalifunga kamba, unalizika, farasi unamfunga hapo. Jioni unamwosha miguu kwa maji ya kisima ili chumvi isimle ngozi. Nami nilisikiliza kama mtu atakayefika huko kesho.

Lakini kwa Mzee Saidi hema na magunia yalikuwa ya Bwana. La kwake yeye lilikuwa kumwona dada yake kabla mmoja wao hajafa. Alimpelekea salamu kwa yule wa Kihesa: "Mwambie Mwanaidi naja, na naja na farasi."

Mvua zilipokaribia kwisha akaanza kuaga. Kwa desturi ya kwao, mtu hasafiri na kinyongo cha mtu. Alipita nyumba hadi nyumba, kwa Wahehe na kwa Wabena, akisema, "Kama nimekukosea, niwie radhi." Na kila alipoaga aliacha kitu. Kitanda chake alimpa jirani, chungu akampa mjane mmoja, blanketi zito akanipa mimi. "Pwani kuna joto," aliniambia, "hili litanichekesha." Tulicheka sana siku hiyo, mwanangu.

Halafu Bwana akarudi kutoka Iringa. Alikuwa amezungumza na bwana mifugo. Alisimama mlangoni, kiatu chake juu ya ile punje ya Pangani, akasema, "Farasi hapana kwenda. Chini ndorobo mingi, tamaliza wote. Mimi nakwenda na gari, Memsahib na watoto. Gari najaa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeagiza chai, kisha akaondoka zake.

Ndorobo ni wale inzi wa mabondeni wanaoua mifugo, na kweli walikuwepo, Bwana hakudanganya. Lakini basi nalo lilikuwepo. Nilikuwa na ujana, na ujana una haraka ya kutoa dawa. Nikamwambia, "Mzee, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Panda basi. Nauli tutakuchangia sisi."

Hakuwahi kunikaripia kama siku ile. "Wewe mtoto, koma. Nilitoka kwetu juu ya nyumbu, mji mzima umesimama unanitazama. Nimekaa bara ujana wangu wote na uzee wangu. Unataka niingie Pangani na kifurushi kwapani, waseme Saidi karudi kama alivyozaliwa?"

Nikanyamaza. Mkubwa akikukaripia unanyamaza, ndivyo tulivyolelewa. Hata leo sijui kama ile ilikuwa adabu au ujinga.

Jirani alikirudisha kitanda, Mzee akakikataa. Mjane alileta chungu, akakikataa. Blanketi nililirudisha mara nyingi, nikalikuta mlangoni pangu. Alisema aliyekwisha kuaga haombi vyake. Akawa analala chini bandani, amejifunika gunia, moja ya yale tuliyoyaandaa kwa mchanga wa Pangani. Nawe unaijua baridi ya Mufindi mwezi wa saba. Kifua kikambana. Tulipompeleka Iringa alikuwa hawezi tena kusimama, na alifia Kihesa, nyumbani kwa yule mfanyabiashara. Waislamu wenzake wa mjini wakamzika vizuri.

Matanga hayajaisha, basi likamshusha bibi mmoja mdogo wa umbo, buibui limejaa vumbi, kikapu mkononi. Alikuwa Bi Mwanaidi. Yule mfanyabiashara alikuwa amemfikishia salamu kwamba safari imevunjika, naye hakungoja jingine. Maisha yake yote alikuwa hajavuka hata mto wa kwao, lakini alipanda basi, akashuka, akapanda jingine, akiuliza njia.

Aliketi mkekani, akaambiwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Bara, bara, nikadhani ni mwisho wa dunia. Kumbe ni hapa tu." Kisha akanitazama mimi, maana walikuwa wamemwambia mimi ndiye kijana wa kaka yake bandani. "Nani alimwambia nilikuwa namngoja farasi?"

Leo nimezeeka kuliko wote wawili. Ningependa kukuambia kwamba nilipata faraja mahali fulani, lakini nitakuwa nakudanganya. Kikapuni alikuwa amemletea kaka yake visheti. Tulivila sisi.

Mwanangu, wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Mzee Saidi aliitundika safari yake kwenye tandiko la mtu mwingine. Hilo lishike. Lakini kubwa zaidi ni hili: ukiwa na mtu anayekungoja, nenda. Usingoje upate viatu, usingoje ujenge kwanza, usingoje watu wakuone umerudi na nini. Nenda na kifurushi kwapani, nenda mikono mitupu. Na mkubwa akikukaripia kwa sababu ya aibu yake, mheshimu, kisha kesho yake mwambie tena.

Mungu akufungulie njia ya kwenu ingali fupi. Akukutanishe na wako wakiwa wameketi mlangoni, wazima, na wakupokee hivyo hivyo ulivyo. Amina.