Martini ya Babu

Zahran bin Nabhan, mkulima wa tende wa Nizwa, alikusanya bunduki za kale za vita tangu ujanani, na kazi hiyo ilimharibu: hakumwamini mtu. Bunduki safi aliitilia shaka. Yenye vumbi aliitilia shaka zaidi.

Alasiri moja binamu yake Ghusn alimletea bunduki aina ya Martini iliyofungwa shukani.

"Ya babu hii. Nimeikuta darini kwa marehemu mama."

"Babu awe na Martini, mimi nisijue?"

Zahran alichukua lenzi, akainama juu ya chapa ya taji la Kiingereza. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akacheka kwa pua.

"Soma hapa. Herufi N imegeuzwa. Kiwanda cha malkia kizima hakikuwa na mtu wa kuandika N? Hii imechongwa na mafundi wa huko Peshawar. Mbao wanazipaka chai zionekane kuukuu. Wamekuuzia, au wewe ndiye unayetaka kuniuzia?"

"Unaniita tapeli, Zahran?"

"Sijakuita. Nimeuliza."

Ghusn aliinuka, uso umemkauka. "Twende kwa shangazi. Sasa hivi."

Shangazi Mayya hakuwa akiona vizuri tena. Aliiweka bunduki mapajani, akaipapasa mpaka kidole kikagusa waya wa shaba uliozungushwa shingoni mwa kitako.

"Hii ni ya baba, babu yenu," alisema taratibu. "Aliivunja kwa kumpiga punda, akaifunga mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshikia waya."

Zahran aliukagua waya kwa lenzi. Ukijani wa shaba ulikuwa umeingia hadi ndani ya mti. Huo haupakwi na mtu.

"Lakini ni ya bandia, shangazi."

"Nani amebisha? Alidanganywa sokoni Matrah, na mchuuzi mmoja Mbaluchi. Ukilenga mbele, inapiga kushoto. Aliona aibu, akawa anaibeba harusini tu, ambako hakuna kulenga. Ndiyo maana nyinyi mliozaliwa baadaye hamkuambiwa."

Zahran aliishusha lenzi. Baadaye, mlangoni, alimshika Ghusn mkono. "Nisamehe, binamu. Niachie mimi. Nitaitunza kuliko zote nilizo nazo."

"Nilipokuletea ningekupa bure," Ghusn alijibu. "Sasa siitoi."

Ikatundikwa sebuleni kwa Ghusn. Zahran huenda kuitazama kila Ijumaa. Ghusn humkaribisha vizuri, humkatia halua, ila hatoki sebuleni kumwacha peke yake na bunduki mpaka mgeni wake aage.