Nilikataa mashine ya jirani yangu, kisha nikamsingizia

Admin, naomba ufiche jina langu, huku Ruangwa tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, nina mke na watoto watatu, naishi kwa mikorosho niliyoachiwa na baba upande wa Likunja. Kila siku naandika daftari: mvua, wageni, kazi za shamba. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Napakana na mtu niliyesoma naye, nitamwita Saidi. Tulianza sawa, kila mtu na jembe lake. Leo ana nyumba nzuri, pikapu, na mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Sijawahi kumsikia akijisifu. Lakini kila akipita na kunipigia honi, nilihisi ananisimanga.

Msimu uliopita maua yalipoanza kutoka, alikuja asubuhi. Kwetu mwenye mashine hupuliza safu nzima ya mashamba, wenye mashamba wanaleta salfa na petroli yao, maana shamba moja likiachwa, ugonjwa wa ubwiri unga unarudi kwa wote. Akasema, "Kaka, toa salfa yako. Alhamisi naanzia kwako kabla umande haujakauka."

Nikamjibu, "Mimi mashine yangu inatoka Nachingwea."

Akacheka. "Inakuja kwa miguu? Maua hayasubiri, bwana."

Kicheko kile kilinichoma. Hakukuwa na mashine yoyote. Salfa ilikuwa imelala ndani. Mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, mwache apulize, tuvune." Nikamfokea kwamba kama anamwona Saidi ndiye mwanaume, ahamie kwake.

Maua yangu yakapata unga mweupe, yakawa meusi, yakadondoka. Ya Saidi yakashika korosho. Kwa aibu, nilipoulizwa kwenye kijiwe cha kahawa nikasema, "Mwulizeni Saidi alipuliza nini mpakani kwangu. Utajiri ule si wa jembe." Maneno yale yakasambaa.

Mwezi uliopita nilifungua daftari nitafute lini nilipalilia mara ya mwisho. Nikasoma kurasa za miaka miwili. "Saidi kashusha saruji." "Saidi kanunua ng'ombe kwa wafugaji." "Mke wa Saidi kavaa kitenge kipya." Shamba langu halimo. Siku binti yangu alipofaulu darasa la saba, nimeandika rangi ya pikapu ya Saidi.

Nililiacha wazi mezani, mke wangu akasoma. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi na wanangu hatumo humu," akafungasha nguo, akaenda na watoto kwao Kilimarondo. Nilipompigia simu alisema atarudi siku nitakayomwambia Saidi ukweli, mbele ya wale wale niliowadanganya.

Sasa maua yameanza tena. Mjomba wangu, mzee asiye na kingine ila mikorosho yake, amemfukuza Saidi shambani. "Sitaki kuunguziwa maua kama mpwa wangu," alimwambia. Juzi Saidi akaja mlangoni kwangu.

"Kaka, hebu ongea na mjomba wako. Sijui nani kamjaza maneno kwamba nilikuunguzia maua. Wewe atakusikiliza."

Nilishindwa kumtazama. Nikasema nitakwenda. Mpaka leo sijaenda.

Nikisema ukweli, kijiji kitanicheka, mjomba ataniona si mtu, na Saidi anaweza kunipeleka baraza la kata. Nikinyamaza, mzee anapoteza msimu mzima kwa uongo wangu, na nyumba yangu inabaki tupu. Na kuna jambo naona aibu hata kuliandika: pamoja na yote haya, bado namwonea wivu.

Ndugu zangu, aliyewahi kumwomba radhi mtu ambaye roho bado inamuuma kwa mafanikio yake, alianza na neno gani? Nielekezeni upesi, maua ya mzee yameshafunguka.